Uhakiki: uigaji wa PhET wa hali za maada, na unavyosaidia kueleza maada giza

Anayefundisha hali za maada ana shida moja ya siku zote: chembe hazionekani. Uigaji huu wa kompyuta wa PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002, unaiondoa shida hiyo kuliko mchoro wowote wa ubaoni. Haulipiwi, unafunguka kwenye kivinjari, na ukishapakuliwa hauhitaji intaneti.

Skrini ya kwanza ina neoni, arigoni, oksijeni na maji. Chini ya chombo kuna ndoo ya kupasha moto na kupoza. Wengi husukuma kitelezi chake hadi juu kabisa, na mango inageuka gesi kabla hawajakiona kimiminika. Kisukume kidogo, kiachie, subiri chembe zitulie, kisha rudia. Anza na arigoni, maana atomu zake ni duara tupu na hazina umbo la kumchanganya mwanafunzi. Maji yafuate baadaye: ukiyagandisha, molekuli hujipanga zikiacha nafasi wazi katikati, na hapo inaeleweka kwa nini barafu huelea.

Skrini ya pili inaongeza pampu, kifuniko cha kushusha na kipimashinikizo. Shinikizo likizidi, kifuniko kinaruka na chembe zinatoroka. Kirudishe, jaza upya. Kipimo chake hakitulii kwa sababu chembe ni chache mno, kwa hiyo soma wastani wake, usinakili tarakimu ya sekunde moja.

Dosari inayotuudhi zaidi ni joto fiche. Kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 za Selsiasi hula takriban kilojuli 334 hadi iyeyuke yote, na muda wote huo halijoto haipandi. Humu kipimajoto kinapanda moja kwa moja kana kwamba kuyeyuka hakugharimu kitu. Somo hilo lifanyeni kwa barafu halisi na kipimajoto cha kweli. Plazma, hali ya nne ya maada, nayo haimo, na chembe zote zinatembea kwenye bapa, si katika nafasi ya pande tatu.

Skrini ya tatu ndiyo tunayoithamini kuliko zote, ingawa wengi huiruka. Atomu mbili tu, na mchoro wa nishati kulingana na umbali. Ivute moja, iachie: itarudi, itapita kina cha bonde, itasukumwa nje, itarudi tena. Bonde hilo liko kwenye umbali wa takriban mara 1.12 ya kipenyo cha atomu. Chagua mvutano unaorekebishwa, upunguze, na bonde linapungua kina. Rudi skrini ya pili ukafanye vivyo hivyo: chembe zenye mvutano dhaifu lazima zipozwe zaidi ndipo zishikane.

Hapo ndipo pa kujibu swali ambalo wanafunzi huuliza kila mara: maada giza, ile maada isiyoonekana, ni mango, kimiminika au gesi? Hakuna hata moja. Hali hizo zinatokana na kani za umeme baina ya atomu, nayo maada giza haijaonekana kutoa wala kunyonya nuru. Haiwezi kupoa kwa kutoa mionzi, basi haisongamani ikawa jiwe au nyota. Hubaki wingu pana linaloizingira galaksi. Tunaijua kwa mvutano wa graviti yake. Katika mfumo wa Jua, Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, huenda kilomita 47 kwa sekunde na Neptuni, iliyo mbali zaidi, 5.4 tu, lakini wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walipopima galaksi ya Andromeda, matokeo yakachapishwa mwaka 1970, kasi ya mzunguko haikushuka hivyo kuelekea ukingoni, dalili kwamba huko kuna maada isiyoonekana inayovuta. Vipimo vya setilaiti ya Planck vinaipa maada giza takriban asilimia 27 ya ulimwengu, na maada ya kawaida asilimia 5.

Ila mwalimu asiseme kwamba kitelezi cha mvutano kikiwa chini kabisa ndiyo maada giza yenyewe. Uigaji hauna mvutano wa graviti, na ile ndoo ya kupoza ndiyo hasa kitu ambacho maada giza haina.