Kisu cha kukunja chenye mabapa mengi: kipi kinafaa kwa kazi za kila siku?

Faida kubwa ya kisu cha mfukoni chenye mabapa mawili au matatu ni kwamba unatenga bapa la chakula na bapa la kazi chafu. Ukishakata kamba ya gunia lenye vumbi, bado una bapa safi la kumenyea chungwa. Mimi huangalia hilo kwanza, hata kabla ya bei.

1. Stockman ya mabapa matatu. Hiki ni kisu cha wafugaji wa Marekani, na sijaona kinachokishinda kwa kukata. Bapa kubwa lenye ncha kali ni la kazi zote. La pili lina makali yaliyonyooka na halina ncha: unapasua boksi bila kutoboa kilichomo ndani. La tatu lina ncha butu, maana lilikusudiwa kuhasi mifugo bila kuchoma pasipotakiwa. Asiye na mifugo alitenge kwa matunda.

Kampuni ya Case ya Bradford, Pennsylvania, Marekani, inayotengeneza Stockman, hutumia hasa vyuma viwili. Kile cha CV (chuma cha kaboni) hunoleka upesi ila hushika kutu, na ndimu hukiachia madoa. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, penye hewa ya chumvi, achukue cha pili, Tru-Sharp, kisichoshika kutu kirahisi.

2. Victorinox Spartan. Kina urefu wa milimita 91 kikiwa kimekunjwa, na ni cha ukoo wa kisu cha maofisa ambacho Karl Elsener wa Uswisi alikisajili mwaka 1897. Kina mabapa mawili, kifungua kopo, kifungua chupa, bisibisi, kizibuo na msharasi. Kwa fundi, au mtu wa safari, ningekiweka cha kwanza. Ukihitaji mkasi, chukua Climber ya Victorinox hao hao.

3. Trapper. Mabapa mawili marefu, mazuri kwa wawindaji na wavuvi. Kwa mfuko wa suruali ya kazini ni kirefu mno.

Vile vya bei chee vilivyosheheni vifaa kumi na kitu, viache. Chuma chake ni laini, makali hayakai, na bapa huanza kucheza mapema.

Dukani, kunjua kila bapa, kisha litikise kushoto na kulia: lisicheze. Kiinue kwenye mwanga; usione uwazi mpana kati ya springi na bapa. Kikunje taratibu uone kama bapa linasugua jirani yake. Kumbuka visu hivi vyote havina kitasa cha kufunga bapa, kwa hiyo usivitumie kuchokonoa wala kusukuma kwa ncha, bapa likakurudia vidoleni.

Ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi. Kwa walioko Uingereza, sheria inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisichojifunga chenye makali yasiyozidi inchi 3, na bapa la Spartan liko ndani ya kipimo hicho.