Sanamu, Taa na Nyavu: Kipi Kinamzuia Korongo Bwawani?

Assalaam alaykum, karibuni tena uani kwetu hapa Pongwe, Tanga. Bwawa mnaliona nyuma yangu, mita tano kwa nane, na upande wa kina maji yananifika kifuani. Mwaka jana nilipandikiza vifaranga 120 vya sato, madume watupu, yaani watatu kwa kila mita ya mraba. Siku ya kuvuna nikahesabu 47. Na miezi yote ile sikuona samaki mfu hata mmoja akielea. Nililia siku ile, kwa sababu chakula nilikuwa nawapa kwa mkono wangu, asubuhi na jioni.

Tangu hapo nimenunua vitu vitatu vya kuzuia ndege, na cha nne nimepewa. Vyote nimevitumia hapa hapa, kwenye jua letu na upepo wetu. Leo nawaambia ukweli wa kila kimoja.

Kabla ya dukani lakini, tumjue mwizi, maana wengi mnaniandikia kumlaumu yangeyange. Yule mweupe anayefuatana na ng'ombe, mwenye mdomo wa njano, anatafuta panzi na wadudu. Mwacheni. Wa kumwangalia ni mweupe mwenzake, mwembamba, mdomo mweusi, miguu myeusi halafu vidole vya njano utadhani amevaa soksi. Huyo ni mla samaki. Na mkubwa wao ni korongo wa kijivu. Anakuja alfajiri au magharibi, anatua nje ya maji, halafu anaingia kwa miguu, polepole, anasimama kama kijiti. Korongo mkubwa anaweza kula gramu 300 hadi 500 kwa siku moja. Pigeni hesabu wenyewe ya mwezi.

Shikeni hapo niliposema anatua nje, anaingia kwa miguu. Ndipo nilipozipimia bidhaa zote hizi.

Cha kwanza ni hii sanamu. Korongo wa plastiki, unamchomeka ukingoni. Muuzaji aliniambia korongo akimwona mwenzake anajua eneo lina mwenyewe, anapita. Asubuhi ya tatu nikakuta korongo wa kweli amesimama hatua mbili kutoka kwa sanamu, anavua. Si kila korongo anaogopa kula karibu na mwenzake, na akimwona mwenzake ametulia majini, anaweza kudhani hapo pana samaki. Usinunue.

Cha pili, taa ya jua yenye macho mekundu, inawaka usiku na kuzimika. Siku tatu za kwanza niliifurahia, ndege hawakuonekana. Ya nne wakarudi, ya sita wakazoea kabisa. Ni kama zile kanda za kaseti zinazofungwa kwenye mashamba ya mpunga, zinasaidia kwa siku chache tu. Ukiwa nayo, ihamishe kila baada ya siku mbili, vinginevyo ndege anaizoea kama sisi tulivyozoea taa za barabarani.

Sasa nyavu, na hapa naomba tutulie.

Hii nyeusi ya plastiki ndiyo inayouzwa madukani kama nyavu ya ndege. Nyepesi, rahisi kukata, macho yake yanapitisha kidole gumba. Niliitandaza juu ya maji kama kifuniko cha sufuria, nikaibana kwa mawe. Makosa yalianza siku hiyo. Kusi ilipovuma ikabonyea katikati. Kuti la mnazi likaangukia juu yake, ikazama kabisa, na korongo akawa anasimama ukingoni na kudokoa samaki kupitia kwenye macho ya nyavu. Halafu asubuhi moja nikasikia kelele. Nikakuta mdiria, yule mdogo wa buluu mwenye mdomo mwekundu, amenasa bawa. Uzi ulikuwa umeingia chini ya manyoya mpaka kwenye ngozi. Nilimfunika kichwa kwa khanga ili atulie, nikachukua mkasi mdogo wa kucha, nikakata uzi mmoja mmoja. Moyo wake nilikuwa nausikia unapiga kwenye kiganja changu. Aliruka, alhamdulillahi, lakini mwingine wiki iliyofuata nilimkuta amekufa. Na plastiki yenyewe baada ya miezi mitano ya jua ikawa inakatika kwa vidole. Tazameni… hii. Sijavuta kwa nguvu.

Basi nikaenda dikoni Sahare kumwona mzee mmoja anayeshona nyavu pale chini ya mti.

Nikamwambia, "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kununua samaki?"

"Hapana babu, nataka nyavu kuukuu. Korongo wananimalizia samaki bwawani."

Nikamweleza niliyoyafanya. Akanyanyua nyavu ya dagaa iliyochakaa, akaishika legelege, akasukuma ngumi ndani yake, ikamviringika mpaka kwenye kiwiko. Akaniambia nishike upande mmoja, tukaivuta ikakakamaa, akasukuma tena. Ngumi ikarudi. "Umeona? Ukiilegeza unavua. Ukiikaza unazuia." Akanipa kipande kikubwa na hela hakutaka. Mungu amzidishie.

Ndiyo hii mnayoiona. Uzi mnene wa kusokotwa, macho madogo, kidole changu cha mwisho hakipiti. Ndege anaiona, na akiigusa hanasi. Kwanza niliiloweka siku mbili kwenye maji baridi, nikayabadilisha mara tatu, chumvi na vumba vitoke. Msiruke hatua hii, nyavu ya baharini ina uchafu mwingi.

Nimesimamisha mirunda minne kwenye pembe na mmoja mrefu katikati, nyavu ikae kama paa la hema. Majani yanateleza yenyewe, na nyavu haigusi maji popote. Kichwani mwa mrunda wa katikati nimevalisha kopo la plastiki, vinginevyo mti unasaga nyavu mpaka inatoboka. Kamba, nilianza na katani. Mimi ni mtu wa Tanga, mkonge ni wetu, lakini masika ilipopiga zikaoza na kukatika. Tumia kamba ya nailoni kwa kazi hii.

Pembeni nyavu inashuka mpaka ardhini na kuzikwa futi moja. Hiyo si kwa ajili ya korongo, ni kwa ajili ya kenge. Kenge anaogelea, anachimba, na samaki anawapenda sana. Ukiacha upenyo chini, umemjengea mlango.

Kama huna hela wala nyavu ya kufunika bwawa zima, fanya hivi leo leo. Chukua mshipi mnene wa kuvulia, chomeka vijiti kuzunguka ukingo, pitisha mistari miwili, mmoja sentimita 20 kutoka ardhini, wa pili 40. Uvute ukaze kama uzi wa gambusi. Korongo anayetembea kuelekea majini unamgonga miguuni na kifuani, anakereka, anaondoka. Mdiria hutamzuia hivyo, maana anapiga mbizi kutoka juu, lakini yeye anachukua vidogo. Wakubwa wanabaki. Na anayechimba bwawa jipya, ukingo uwe wima, usiwe mteremko. Korongo anahitaji mahali pa kusimama.

Ndani ya maji tupia vipande vya bomba la inchi nne, wazi pande zote mbili. Samaki wakiona kivuli wanajificha humo. Nimewaona wangu wakifanya hivyo mara nyingi.

Kuna mtu ameniuliza kuhusu kutega sumu. Ndugu yangu, nakuomba, usifanye. Sumu ya ndege inaingia kwenye maji, inaingia kwa samaki, inafika sahani ya mwanao. Na kuua ndege wa porini bila kibali ni kosa, ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Korongo ana njaa tu.

Kwa hiyo, sanamu hapana, taa ni ya muda, nyavu nyeusi ya dukani hapana kwa bwawa la wazi kama hili, nyavu ya dagaa iliyokazwa ndiyo. Msimu huu nilipandikiza 120 wale wale. Juzi nimewavuta kwa nyavu ya mkono kuwapima, nikahesabu 109.

Sasa sogeza kamera hapa, kwenye bomba la kutolea maji. Mnaona? Mdomo wa bomba hili uko wazi. Juzi nimekuta alama za mkia wa kenge kwenye tope. Nina kipande cha wavu wa chuma, koleo na waya. Nishikieni hapa tuanze.