Kliniki ya kumeza na kuongea niliyompeleka mzee, nawapa nyota 4 kati ya 5

Mzee wangu alipigwa mionzi mwaka 2013, saratani ya nyuma ya pua, mara 35 ndani ya wiki saba na ile barakoa ngumu ya plastiki usoni, akapona, tukamshukuru Mungu na tukasahau kabisa. Mwaka juzi akaanza kuongea kama mtu mwenye tonge mdomoni, chai inampalia kila asubuhi, majina ya wajukuu yanamponyoka. Hospitali ya kwanza wakasema uzee huo, ya pili wakasema ni kiharusi kidogo, tukapewa dawa tukarudi nyumbani.

Hapa dada mtaalamu alimsalimia tu, shikamoo baba, halafu akauliza, "Uliwahi kupigwa mionzi shingoni?" Yani hilo swali hakuna aliyewahi kutuuliza! Akamwambia atoe ulimi, ukapinda kushoto na upande huo umesinyaa kabisa. Akatueleza taratibu kwamba mionzi inaacha kovu ndani ya shingo, kovu linazidi kukaza na vimishipa vya damu vinaziba mpaka mishipa ya fahamu ya ulimi na koo inachoka, na inaweza kutokea hata miaka kumi au zaidi baada ya matibabu. Mazoezi hawakuanza siku hiyo, daktari wao alitaka kwanza MRI ahakikishe saratani haijarudi, na aangalie ubongo wa usawa wa masikio maana uko jirani na palipopigwa. Kwenye picha hakukuwa na kitu kibaya. Ila damu ilionyesha tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri, kaanzishiwa vidonge na kumbukumbu imepata nafuu.

Ulimi walituambia wazi hautarudi kama zamani, niliumia sana ila nashukuru hawakutudanganya. Kafundishwa kuinamisha kidevu akimeza, vinywaji tunavikoroga viwe vizito kidogo, na kuna vijiti anapanga katikati ya meno kila siku mdomo usizidi kukaza. Mwaka jana alilazwa mara mbili kwa nimonia ya kupaliwa, mwaka huu bado hata mara moja.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu mtaalamu ni mmoja tu, foleni ni wiki tatu, na elfu 40 kila ukienda bila bima inauma jamani.

Mkienda bebeni karatasi za zamani za mionzi, zetu zilipotea tulipohama na walizihitaji sana wajue alipigwa kiasi gani na wapi.