Tangi limejaa, gari haliendi: uzoefu wangu na SUV ya haibridi ya kukodi hapa Mombasa

Nianze na hukumu, sababu zije nyuma. Kama kampuni yako iko Mombasa na unatafuta SUV ya kifahari ya kukodi kwa mkataba wa miaka, chukua ya umeme mtupu. Haibridi ya kuchomeka, ile yenye injini ya petroli pamoja na betri unayoichaji kwa waya, achana nayo. Najua wapo watakaonibishia, lakini mimi nina invoisi mezani na hasira kifuani, na nitaandika kabla haijapoa.

Sisi tuko kwenye chai. Tangu mnada ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, chai ya Kenya na ya majirani kama Uganda, Rwanda na Burundi inapigwa bei hapa Mombasa. Siku hizi kupiga bei kwenyewe kunafanyika kwenye kompyuta, ila mnunuzi mwenye pesa zake bado anataka kuja kuonja, kuona maghala ya Shimanzi na kukaa na watu anaowaamini. Wageni wetu wengi wanatoka Karachi na Kairo. Kazi ya gari ni kuwapokea Uwanja wa Ndege wa Moi, kuwalaza Nyali, asubuhi Shimanzi, mchana Kizingo kwa chakula, jioni kurudi hotelini. Siku ya kawaida gari halimalizi kilomita 60, na muda mwingi limesimama Buxton likisubiri zamu ya kupanda daraja la Nyali.

Kwa mizunguko ya namna hiyo nilikuwa nimeshaelekea kwenye umeme. Nililinganisha BMW iX na X5 ya kuchomeka, nikatazama Range Rover Sport, nikatazama Volvo XC90. Takwimu zao ziko wazi kwa kila mtu, sitazirudia. Gari tulilopewa mwishowe silitaji jina, maana ugomvi wangu si na waliolitengeneza, ni na waliotukodisha. Na aliyenigeuza mawazo ni afisa wao wa mauzo. "Mama," akaniambia, "Mombasa stima inapotea ovyo. Na siku mgeni akitaka kwenda Nairobi? Chukua haibridi. Ukikosa stima una petroli. Huwezi kukwama." Akanikumbusha hata giza lile la Agosti 2023, nchi karibu yote ilipozimika usiku. Huwezi kukwama. Maneno yake hayo, alinitamkia akinitazama machoni.

Ilikuwa msimu wa kaskazi, joto lile la kabla ya mvua za masika, tena wiki yenye shughuli nyingi za mnada. Mgeni wetu wa Karachi, mzee wa heshima aliyeanza kufanya biashara na marehemu baba yangu kabla sijaingia ofisini, alikuwa na ndege ya saa tatu asubuhi kwenda Nairobi, aunganishe ya kwao. Gari lililala kwenye chaji pale pale hotelini kwake. Kulipokucha dereva wangu akanipigia simu. "Mama, waya umegoma kutoka."

Nilidhani ni jambo la kuvuta kwa nguvu. Nilipofika nikakuta plagi imenasa kwenye soketi ya gari. Mle ndani kuna kidole cha chuma kinachoikaza wakati wa kuchaji, mtu asije akaichomoa stima ikiwa inapita. Ukifungua milango kwa ufunguo, kidole kinarudi ndani na waya unatoka. Hiki hakikurudi. Na gari la kuchomeka, liwe haibridi au umeme mtupu, halikubali kuingia gia waya ukiwa bado uko kwenye soketi. Ni usalama, naelewa, hata mimi singependa mtu aondoke na ukuta wa hoteli. Lakini tazameni hali yetu: tangi limejaa petroli, betri imejaa, injini nzima, tairi nzima, na gari halisogei hata hatua. Ile petroli niliyoambiwa ndiyo kinga yangu imo humo humo ndani, na haina kazi yoyote.

Nikapiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye mkataba. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, akapokea kijana, akataka namba ya gari, akataka namba ya mkataba, akauliza kama nina hakika gari lenyewe ni la kuchaji. Nikamwambia mgeni wangu amesimama juani na masanduku yake. Jibu lake lilikuwa hili: "Mama, tulia kwanza. Hiyo ni stima ya huko kwenu, si gari. Fundi wetu atakuja na treni ya kesho."

Kesho! Ndege ya saa tatu ingesubiri fundi wa kesho?

Nikamuuliza kama kuna njia ya kuifungua plagi kwa mkono. Akasema haipo, na tukithubutu kujaribu wenyewe dhamana imekufa. Kisha akaongeza: "Kuna mwanaume hapo nizungumze naye?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Dereva wangu, mtu mzima aliyeendesha wageni wa chai tangu ujana wake, aliona haya kuliko mimi, akainamisha kichwa. Mimi ndiye niliyesaini mkataba ule. Mimi ndiye ninayeidhinisha malipo yao kila mwezi. Na kijana ambaye hajui hata soketi ya gari lao iko upande gani anatafuta mwanaume wa kumweleza kwamba hawezi kusaidia.

Mgeni aliondoka na Probox ya mpishi wa hoteli, Mungu amlipe mpishi yule. Foleni ya daraja ikawakuta, wakafika uwanjani ndege imeshafunga milango. Tiketi mpya tukalipa sisi. Mzee wa watu hakunilaumu hata kwa neno moja, alinishika mkono akaniambia chai ya msimu huu ni nzuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Aliyetutoa ni fundi wa stima za magari kutoka Changamwe. Kitu cha kwanza alichouliza ni kitabu cha gari. Hakikuwemo. Kampuni ilikibakiza ofisini kwao "kwa usalama". Akakisaka kwenye simu yake, akasoma kimya kimya, akafungua kifuniko cha plastiki ndani ya buti, akapata kamba nyembamba, akaivuta. Waya ukatoka pale pale. Kwa hiyo njia ya mkono ipo! Watengenezaji waliiweka wakijua siku moja kidole kitagoma, na magari mengi ya kuchomeka yana kitu cha namna hiyo. Waliotukodisha hawakuijua, au waliijua wasijali kutuambia. Akanionyesha na chumvi iliyoanza kushika kwenye kile kidole. Hewa ya bahari hii inakula kila chuma, kila mtu wa pwani anajua hilo. Alisema kilihitaji kusafishwa tu wakati wa sevisi, na sevisi ni kazi yao kwa mujibu wa mkataba.

Fundi wa treni naye alikuja, akakuta kazi imekwisha, akapiga picha, akaondoka.

Halafu ikaja invoisi. Wanatudai safari ya huyo fundi, na chini yake mstari mwingine: uharibifu uliosababishwa na mteja. Nikaenda mwenyewe kwenye tawi lao. Afisa yule yule wa "huwezi kukwama" alinipokea, hakusema pole, akaniambia kama mtu anayenipa siri: "Mama, na nyinyi mnachaji sana. Wateja wetu wengi huo waya hata hawajautoa kwenye mfuko. Wanaweka petroli, maisha yanaendelea."

Niliondoka pale natetemeka. Hawa watu wanakodisha magari ya kuchomeka na wenyewe hawaamini kuchomeka. Ada unalipa ya gari lenye betri, kisha wanategemea betri hiyo ikae kama mzigo, ubebe uzito wake Buxton na Kongowea kwa petroli, mafuta ya injini ubadilishe, na kila tarehe 14 usikilize bei mpya ya petroli ya EPRA, mamlaka ya nishati, kama mwenye gari lolote la kawaida. Wala si Mombasa peke yake. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilichapisha hesabu za magari yakiwa barabarani, ikaonekana haibridi za kuchomeka zinatoa hewa ya kaboni kwa wastani mara 3.5 ya ile iliyopimwa maabara. Sababu kubwa ni hiyo hiyo ya afisa wetu: wenye nazo hawazichaji kama ilivyodhaniwa. Sisi tulikuwa tunachaji. Sisi tulikuwa tunalitumia gari jinsi lilivyoundwa litumike, na tukatozwa kwa sababu hiyo.

Hapo sijagusa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Bei waliyonitajia ilikuwa kabla ya asilimia 16, na afisa akaniambia nisijali, nitaidai KRA, mamlaka ya mapato, wanirudishie. Mhasibu wetu akamsomea sheria ya VAT: gari la abiria, uwe umelinunua au umelikodi, kodi yake huidai, isipokuwa kama biashara yako yenyewe ni kuuza au kukodisha magari hayo. Sisi tunauza chai. Asilimia 16 ile inakaa kwetu kila mwezi mpaka mkataba uishe. Na mkurugenzi akilitumia gari la kukodi kwa mambo yake ya nyumbani, ada hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa marupurupu yake na kukatwa kodi. Ulizeni wahasibu wenu kabla ya kusikiliza wauzaji.

Gari likiwa kwa fundi, rafiki yetu wa biashara, naye wa chai, akatuazima SUV yake ya umeme mtupu. Hapa lazima niseme ukweli wangu wote: niliipenda. Niliipenda sana. Foleni ya Buxton, jua la mchana, AC inavuma, na ndani kimya kabisa, mgeni wa Kairo anazungumza na mwenzake wala hawainui sauti. Ukisimama saa nzima namna hiyo baridi inakula yuniti mbili tatu hivi, na betri za magari haya makubwa zinakaribia yuniti 100, nyingine zinapita. Kwenye haibridi yuniti tatu zinaonekana, betri yake ni ndogo, inaisha, injini inawaka katikati ya sentensi ya mgeni. Bei ya stima ya kuchajia magari iliyotangazwa na EPRA mwaka 2023 ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa zile zisizo na matumizi makubwa, kabla ya tozo nyingine. Gari linalala hotelini au ofisini usiku kucha. Na hoja ya Nairobi? Mgeni gani wa Karachi atakaa barabarani kilomita karibu 480 katikati ya malori, wakati kuna ndege ya saa moja na treni ya SGR imekuwepo tangu 2017? Tangu tuanze kukodi hakuna mgeni aliyeomba hivyo.

Ila wanaomba Tsavo. Wakimaliza shughuli mapema wanataka kuona ndovu, na hapo ni Mariakani, Maungu, Voi, barabara inapanda kutoka usawa wa bahari, kisha vumbi la ndani ya mbuga mchana kutwa. Haibridi ile ile ninayoilaani iliwapeleka na kuwarudisha, dereva hakuwaza chaji hata mara moja. Injini yake haijawahi kunikosea. Viti vyake wageni wanavisifu mpaka leo. Tena nikifikiri vizuri, kidole kile cha chuma kiko hata kwenye gari la umeme mtupu. Kingenasa vile vile, na mtu wa kupokea simu angekuwa yule yule. Rafiki yetu hajapata shida kwa sababu waliomkodisha walimkalisha dereva wake nusu siku, wakamwonyesha kila kitu, kamba ya buti ikiwemo. Kwa hiyo kama ungenilazimisha nichague kati ya haibridi ya wale waliomkodisha rafiki yetu na umeme wa hawa walionikodisha mimi, ningechukua haibridi bila kusita, na hukumu niliyoiandika pale juu ingebidi niifute.

Lakini siifuti! Kila nikikumbuka "kuna mwanaume hapo" nakumbuka pia nani aliniuzia haibridi na kwa maneno gani. Aliniuzia woga. Woga wa giza, woga wa Nairobi, na vyote viwili havijanifika. Kilichonifika ni waya wake.

Invoisi sijalipa. Nimewaandikia barua: wafute madai, warudishe pesa za tiketi ya mgeni, walete kitabu cha gari, na kijana wa simu aniombe radhi mimi na dereva wangu. Wamejibu suala "linashughulikiwa". Mkataba bado una muda, na kuuvunja kuna faini ambayo mwanasheria anaisoma sasa hivi.

Anayetaka kukodi gari la namna hii, umeme au haibridi, asisaini mezani. Shuka na dereva wako mpaka lilipo gari, mwambie afisa achomeke waya, aliache lichaji kidogo, kisha autoe kwa kamba ya dharura mbele yenu. Akianza kutafuta simu ili ampigie mtu wa makao makuu amuulize kamba iko wapi, mrudishie kalamu yake muende zenu.