Matatu za viti 14 kutoka Kisumu hadi Nakuru: gari zuri, adabu mbovu

Anayetaka kufika Nakuru mchana bila kungoja basi kubwa ana matatu ya viti 14. Zinaanza alfajiri, inayojaa inatoka, na njia inajulikana: Nyamasaria, Ahero, Awasi, Kericho, Londiani Junction, Mau Summit, Salgaa, kisha Nakuru. Ni kama kilomita 180. Kwa usafiri wenyewe huduma hii naipa alama saba kwa kumi: magari mengi ni mazima, madereva wanaijua barabara, na hukai steji siku nzima. Kwa jinsi watu wanavyotendeana ndani, naipa nne.

Alama hizo tatu hupotea kabla gari halijawasha injini. Watu 14 wasiojuana wanabanwa goti kwa goti, na mwenye uwezo wa kuwapanga ni mmoja tu, konda. Akipanga mizigo, madirisha, simu na chenji pale steji, safari inatulia hadi mwisho. Akishughulikia kuita abiria peke yake, hata gari lenye viti vipya linageuka ugomvi likifika Ahero. Ndiyo maana ukiwa steji mtazame konda kwanza, gari baadaye.

Anza na muda, kwa sababu uongo wa kwanza husemwa hapo. Tangu kanuni za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zianze kutekelezwa Februari 2004, matatu inatakiwa iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kilomita 180 kwa mwendo huo, bila kusimama hata mara moja, ni saa mbili na robo. Ongeza matuta, vizuizi vya polisi, na malori yanayotambaa mlima wa Kericho na ule wa kwenda Mau Summit, na saa tatu na nusu ndiyo hesabu ya kweli. Manamba anayekuapia kwamba saa mbili mtakuwa Nakuru anakudanganya, ama anakutangazia kwamba dereva atavunja sheria na wewe ukiwa ndani.

Uongo wa pili ni "tumebakisha wawili tu." Nusu ya wale unaowaona wamekaa huenda wamelipwa wakae. Utawajua kwa urahisi: hawana mzigo, hawana risiti, hawaulizi nauli, na kila abiria wa kweli akiingia mmoja wao anakumbuka shughuli nje. Usiwaulize wao. Muulize konda, "Risiti ngapi zimekatwa?" na umwombe akuonyeshe kitabu. Mwenye gari linalojaa kweli hukuonyesha bila kununa.

Viti navyo havifanani. Viwili viko kando ya dereva, halafu nyuma safu nne za watu watatu watatu. Vya mbele vina mwonekano mzuri na vinamfaa anayetapika, lakini kwenye Hiace injini iko chini ya viti hivyo, na mlima wa Kericho ukianza utausikia moto mapajani. Anayekaa karibu na mlango atashuka na kupanda kila mtu anapofika kwake. Hilo ni sharti la kiti chenyewe, kwa hiyo asimsonye mama anayeomba kupita na mtoto. Kama goti lako halipendi kukunjwa, epuka safu ya mwisho, kwani kila tuta hukurusha huko. Safu ya pili nyuma ya dereva, dirishani, ndiyo ninayoisifu kwa safari hii.

Sasa samaki. Hakuna kinachoharibu urafiki kwenye njia hii kama samaki aliyefungwa vibaya, na wala si kosa kumpeleka mtu wa Nakuru ngege au mbuta wa Kisumu. Kosa ni gunia. Samaki mbichi akiwekwa kwenye gunia la nailoni na kilo mbili za barafu, barafu hiyo ikiyeyuka ni lita mbili za maji yenye damu na magamba, na gunia halina pa kuyazuia. Gari likipanda kutoka Awasi kwenda Kericho, maji yanateremka chini ya viti kwenda nyuma na kulowesha mikoba ya safu ya mwisho. Likipita Mau Summit na kuanza kuteremka kwenda Salgaa, mkondo uleule unarudi mbele, taratibu, ukipita kwenye soli za viatu hadi mlangoni. Wakifika Nakuru, watu kumi wananuka samaki wa mtu mmoja. Zulia la gari linabaki na harufu hiyo wiki nzima, na abiria wa kesho wanamlaumu konda.

Dawa yake ni rahisi. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20 iliyosafishwa vizuri, yenye kifuniko kinachobana. Tandika magazeti chini, panga samaki na barafu, weka magazeti tena juu, kisha funika na upitishe mkanda wa mpira au utepe wa gundi pande zote za kifuniko. Samaki wa kukaanga au wa kubanikwa anasafiri vizuri zaidi: mwache apoe kabisa kwanza, maana akifungwa moto anatoa mvuke, karatasi inalowa na kuchanika. Omena kavu haivuji lakini vumbi lake huingia kooni, kwa hiyo mfuko wake ufungwe mdomo mara mbili na ukae kwenye buti, si mapajani. Konda anayejua kazi huinua kila mzigo kwa mkono kabla ya kuupakia na kutazama chini yake. Ukilowa, haupandi hadi upate ndoo. Kuku ni hivyo hivyo: katoni yenye matundu, miguu imefungwa, ndani ya buti lenye hewa. Kuku chini ya kiti atamdonoa mtu kisigino kabla ya Kericho.

Wabebao maziwa ya mala nao wasikilize. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit ni kama 2,500. Mtungi uliojazwa pomoni na kufungwa kwa nguvu kando ya ziwa utakuwa umevimba ukifika juu, na ukifunguliwa unafoka hadi darini. Acha nafasi ya vidole vinne juu, na ufungue kidogo kidogo Kericho gari likiwa limesimama. Mwinuko huohuo ndio unaoziba masikio. Meza mate au tafuna kitu, na usimpigie kelele jirani ukidhani yeye ndiye asiyesikia.

Ugomvi wa dirisha unastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu pande zote mbili huwa na haki. Kioo cha matatu kinateleza, na mara nyingi kimoja kinahudumia safu mbili. Anayekifungua yuko mbele na anapata hewa ya kupendeza shingoni. Upepo wote unampiga usoni aliye nyuma yake. Ndiyo maana wa mbele haelewi mbona wa nyuma analalamika. Kisumu saa sita mchana kila mtu anataka hewa. Londiani ukungu ukishuka, mtu aliyetoka ziwani na shati jepesi anatetemeka. Lakini kufunga yote pia ni makosa. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, na watu 14 wakipumua ndani ya boksi lililofungwa kwa saa tatu ni hatari, tena kukiwa na anayekohoa.

Njia inayofaa ni kufungua madirisha mawili tu, moja mbele upande wa kushoto na lingine nyuma upande wa kulia, kila moja upana wa vidole vitatu. Hewa inapita gari zima na hakuna anayepigwa uso mzima. Kuanzia Kericho punguza hadi kidole kimoja. Beba sweta hata kama Kisumu unatoka jasho. Na usivute kioo kilicho mbele ya mwenzako kimyakimya. "Mama, naomba tupunguze kidogo, mtoto anapigwa na baridi," inatosha, na aghalabu jibu ni "haya."

Kwenye simu sina huruma. Video za vichekesho, mahubiri na matokeo ya mpira vikipigwa kwa sauti kutoka simu nne tofauti ndani ya gari moja, ni mateso. Mbaya zaidi ni simu ya kupiga iliyowekwa spika, ambapo gari zima linajua deni la mtu, jina la anayemdai na lini atalipwa. Hapa konda ana maneno ya kusema mara moja tu, kabla ya kutoka: "Jameni, video ni kwa earphone, simu zisiwe spika." Akisema hivyo kwa heshima, watu hutii. Asiposema, kijana akimwambia mzee apunguze sauti inaonekana ni utovu wa adabu, na mzee naye atakaza. Dereva pia anahusika: redio yake ikizidi, kila mwenye simu anaongeza sauti ili aishinde.

Kutapika si kosa la mtu, ila kutojiandaa ni kosa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na mfuko wa karatasi hulowa na kupasuka haraka. Beba kopo la nusu lita lenye kifuniko cha kusokota. Kaa mbele, tazama barabara mbali, usisome simu kwenye kona, na usile viazi vya kukaanga steji dakika kumi kabla ya kuondoka.

Halafu takataka. Gunzi la mahindi ya kuchoma likirushwa dirishani kwa mwendo wa 80 linaweza kumwangusha mtu wa boda boda. Chupa ni hatari zaidi. Gari lililopangwa vizuri lina gunia dogo limefungwa nyuma ya kiti cha mbele. Ukiona gari lenye gunia hilo, panda, kwa sababu konda wake amefikiria na mengine. Wauzaji wa karoti na viazi wakizunguka gari, nunua, lakini usimwekee jirani miguuni debe zima bila kumuuliza.

Pesa ndiyo huzua kelele mwishoni. Nauli hupanda Ijumaa jioni, shule zikifungwa, na wakati wa Krismasi, kwa hiyo uliza kabla ya kuketi na upewe risiti yenye kiasi na mahali unaposhuka. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo, na umwonyeshe konda ujumbe palepale. Usikubali kabisa ile tabia ya konda kukupa noti moja ya chenji wewe pamoja na abiria usiyemjua, kisha awaambie "gaweni mkishuka." Mmoja anashuka Kericho na mwingine Nakuru, nani atamngoja nani? Beba nauli kamili. Kama huna, dai chenji kabla ya Ahero, konda akiwa bado na noti ndogo. Mtoto wa kupakatwa naye azungumziwe mapema: wa miezi sita hambani mtu, wa miaka sita anamkalia jirani nusu. Mlipie kiti.

Lipo pia suala la sambaza, ule ubao unaolazwa kati ya viti viwili ili mtu wa ziada akalie. Huwekwa mbali na steji, hasa jioni. Ni kinyume cha sheria, hauna mkanda, na breki ikikanyagwa anayeukalia anarushwa mbele kwenye migongo ya wenzake. Ukiukuta chini ya kiti kabla ya kuondoka, tafuta gari lingine. Mkanda wako nao uutafute mapema, kwa kuwa vifungo vingi vimezama katikati ya viti. Kuuvuta polisi wakionekana hakumsaidii yeyote.

Na ukiuzwa, yaani konda akiamua watu wamekuwa wachache na kuwahamishia gari lingine Kericho au Mau Summit, usishuke hadi umwone akimkabidhi konda mpya nauli yako mkononi. Mwambie yule wa pili, "Nimelipa hadi Nakuru, risiti ni hii." Mzigo wako ubebe mwenyewe.

Magari mengi yanaendelea hadi Nairobi, na baadhi hayaingii mjini Nakuru; yanakuacha kando ya barabara kuu. Ulizia hilo Kisumu kabla ya kulipa, hasa ukiwa na ile ndoo ya samaki ya lita 20, kwa sababu kutoka hapo hadi mjini utaongeza nauli ya boda boda, na mwenye pikipiki atataka alipwe ya mzigo pia.