Chumvi ya mawe kwa achari: kiroba cha kilo 25

Nauza achari ya maembe na ndimu hapa Tanga, na kila mwaka kabla ya masika hununua kiroba cha chumvi ya mawe kutoka majarubani, vile vidimbwi vya kukaushia maji ya bahari. Cha mwaka huu kimenipa kazi.

Punje zenyewe nzuri. Niliweka moja ubaoni nikaigonga kwa ncha ya kisu, ikapasuka kwa pembe mraba, na vipande vyake vidogo navyo vikawa vijisanduku vile vile. Ndivyo sodiamu na klorini zinavyojipanga ndani ya chumvi, safu juu ya safu.

Lakini siku ya tatu kiroba kikatoa jasho, sakafu ikalowa. Kuonja, uchungu unabaki nyuma ya ulimi. Sidhani muuzaji aliitia maji. Lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za kila aina. Yakikauka jarubani, chokaa na jasi hutangulia, ndipo chumvi yetu ikaganda. Mwisho kabisa hubaki kloridi ya magnesiamu, chungu, tena inanyonya unyevu wa hewa. Mvunaji makini huyamwaga maji yale ya mwisho. Ya kwangu hayakumwagwa.

Nikaiosha, ila si kwa maji matupu, ingeyeyuka yote. Nilikoroga kilo 4 za chumvi ya pakiti kwenye maji lita 10 mpaka nyingine ikakataa kuyeyuka chini ya ndoo, maana lita moja hubeba gramu 360 tu hivi. Maji yaliyokwisha kushiba hayali chumvi tena, ila ile magnesiamu huondoka nayo. Nikamimina juu ya mawe kwenye tenga, yakachuruzika, nikaanika siku mbili. Sasa ni mwezi, imekauka inakwaruza mkononi, na maembe yamekolea bila uchungu.

Mezani siiweki, kwa kuwa haina madini joto. Bibi yangu wa Lushoto aliishi na rovu shingoni, uvimbe wa kukosa madini hayo, hadi anazikwa, kwa hiyo wanangu wanakula ya pakiti.

Kilivyofika, nyota 2 kati ya 5. Baada ya kuoshwa, 4. Kabla hujalipa, finya konzi moja, kisha fungua kiganja: kikinata, mwambie muuzaji apunguze bei, kazi ya kuosha ni yako.