Uzoefu wangu na Kotlin Multiplatform: msimbo mmoja, skrini mbili

Timu yetu hutumia Kotlin Multiplatform, zana ya kuandika msimbo wa pamoja kwa lugha ya programu ya Kotlin, kwa programu inayotumika kwenye Android na iPhone, na kabla yake nilifanya kazi na Flutter na React Native, zana nyingine za aina hiyo, katika miradi mingine. Kwa maoni yangu, anayechagua kati ya zana hizi asianze na swali la kasi, bali ajiulize ni sehemu gani ya programu yake anayotaka kuiandika mara moja tu.

Flutter, ambayo Google ilitoa toleo lake thabiti la kwanza Desemba 2018, hujichorea kila kitu, kuanzia vitufe hadi sehemu za kuandikia, ndiyo maana skrini zake hufanana kwenye simu zote. Kwa programu yenye mwonekano wake wa pekee, bado ningeichagua bila kusita. React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, huandikwa kwa JavaScript lakini huonyesha vitufe vya simu yenyewe, na huwafaa zaidi waliokwisha kuzoea kutengeneza tovuti kwa React.

Sisi tulikuwa tayari na programu ya Android iliyoandikwa kwa Kotlin, na ugumu wake haukuwa kwenye skrini. Programu hiyo hupokea rekodi za mauzo hata pasipo mtandao, huzihifadhi kwenye simu, kisha huzipeleka kwenye seva mtandao unaporudi. Kanuni za kuamua rekodi ipi ibaki pale mbili zinapogongana ndizo zilizotuumiza kichwa, na kuziandika upya kwa Swift, lugha ya programu za iPhone, kungemaanisha kusahihisha kila kosa mara mbili. Kwa Kotlin Multiplatform, ambayo JetBrains, kampuni iliyounda Kotlin, iliitangaza kuwa thabiti Novemba 2023, kanuni hizo zimekaa mahali pamoja: Ktor huwasiliana na seva, SQLDelight husimamia hifadhidata, na skrini zimebaki kuandikwa kwa zana za kila simu, Jetpack Compose kwa Android na SwiftUI kwa iPhone. Pale simu zinapotofautiana, kwa mfano katika kutunza siri za kuingilia, msimbo wa pamoja hutamka kwa neno "expect" kwamba kazi fulani ipo, kisha kila upande huitekeleza kwa "actual", Android kwa Keystore na iPhone kwa Keychain. Upande mmoja ukisahaulika, kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya simu, hukataa kuendelea, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Mwandishi wa Swift ndiye anayebeba mzigo. Msimbo wa Kotlin humfikia kupitia Objective-C, lugha ya zamani ya programu za iPhone, hivyo baadhi ya mambo hupotea njiani. Thamani za msingi za vigezo, yaani zile zinazotumika pale kigezo kisipotajwa, hazimfikii, na hitilafu ambayo haikutangazwa kwa "@Throws" huiangusha programu nzima badala ya kumpa nafasi ya kuishughulikia. SKIE, zana ya ziada inayoufanya msimbo wa Kotlin umfae zaidi mwandishi wa Swift, hupunguza sana usumbufu huu, nami nisingeanza mradi bila hiyo. Kompyuta ya Mac nayo haikwepeki, iwe yako au ya kukodi, na hapo zana zote tatu ni sawa.

Anayefanya kazi peke yake, tena bila msimbo wowote wa Kotlin, nisingemshauri aje huku, kwa sababu kuandika kila skrini mara mbili kutamchosha mapema. Compose Multiplatform ya iPhone, inayoruhusu hata skrini ziwe za pamoja, ilitangazwa kuwa thabiti Mei 2025, nasi tumeiruhusu kwenye kurasa za mipangilio pekee, ambazo mtumiaji hazitembelei mara kwa mara.